Mizani ya Unga na Mizani ya Shairi

Msomaji mpenzi, wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini katika hayo mengi, sikudhani hata siku moja kwamba ningejiona mwenyewe nimefungwa kitambaa cheupe cha mpishi, mikono imejaa unga hadi viwikoni, mwalimu wa Kifaransa amenisimamia, ananiamrisha nianze upya. Mimi, mtu niliyekwisha pita umri wa miaka 50, ambaye nyumbani kwangu nilikuwa nikiingia jikoni kutafuta maji ya kunywa tu!

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yangu, kifungua mimba, huoka keki nyumbani Kibokoni, hapa Mombasa, akawauzia watu wenye harusi na shughuli nyingine. Kwa muda alikuwa akilia kwamba wateja wake wamechoshwa na keki zile zile, na kwamba siku hizi wanamwonyesha picha za tarti za Kifaransa katika simu zao na kumwuliza, "Hizi unaziweza?" Naye hakuziweza. Basi mwaka 2023 akaniambia amepata nafasi katika shule moja ya mapishi mjini Paris, darasa la siku 5 la wanaoanza. Nikamwuliza fedha amezipata wapi. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameuza bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na marehemu mamake.

Sikusema neno. Kwa kweli mimi sikuipenda kazi yake tangu mwanzo. Nilitaka awe mwalimu. Lakini dhahabu ilikwisha uzwa, na mtoto wa kike hakutaka kusafiri peke yake. "Baba, twende sote," akasema. "Nafasi iko moja zaidi." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nitafanya nini katika shule ya mapishi?" Akacheka. "Ukishindwa kupika, utatunga shairi."

Tukafunga safari mwezi wa Novemba, akiba yangu nayo ikapungua. Huko tulifikia kwa wakwe zetu Wangazija, nje kidogo ya mji, watu wenye ukarimu wa visiwani usiopunguzwa na baridi ya Ulaya.

SAHANI INAYOLIWA

Kwa asiyeijua, tarti si keki wala si mkate. Ni sahani ya unga ambayo huliwa pamoja na kilichomo. Unga hukandwa pamoja na siagi, ukasukumwa kama chapati, ukalazwa ndani ya pete ya chuma isiyo na kitako, halafu ndani yake hutiwa matunda, au krimu, au vyote viwili. Ukiitazama utasema ni jambo jepesi. Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka siku ya kwanza ilipofika adhuhuri.

Tulikuwa wanafunzi 8, na mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba aliyesema kwa sauti ya chini. Alifundisha kwa Kifaransa, na kijana mmoja akatufasiria kwa Kiingereza. Siku hiyo tulifundishwa unga uitwao pati brize, ambao ndio wa kawaida kabisa: unga wa ngano gramu 250, siagi baridi gramu 125, chumvi gramu 5, na maji baridi kiasi cha gramu 50. Siagi husuguliwa ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka vyote viwe kama mchanga wa pwani, kisha maji hutiwa, na donge likishashikana, basi. Hukandi tena.

Mimi lile neno "hukandi" sikulisikia. Nilikumbuka mamangu alivyokuwa akiukanda unga wa chapati, anaupiga, anaukunja, anaulaza kwa ngumi, nami nikaufanyia hivyo hivyo kwa juhudi kubwa, nikidhani namwonyesha Mfaransa nguvu za Mswahili. Tarti yangu ilipotoka katika oveni, ukuta wake wote ulikuwa umenywea na kuporomoka ndani. Kuionja, ilikuwa ngumu kama kigae.

Mwalimu akatueleza sababu. Ndani ya unga wa ngano mna protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hufanya nyuzi za kunata ziitwazo gluteni. Nyuzi hizo ndizo ziifanyazo chapati ivutike na mkate uumuke. Lakini katika tarti ni adui, maana hujivuta motoni na kuuangusha ukuta. Siagi husuguliwa kwanza ili izibandike chembe za unga na kuyazuia maji yasizifikie upesi. Baada ya hapo donge hupumzishwa ndani ya friji, saa moja au zaidi, ili nyuzi chache zilizofanyika zilegee. "Unga huu," akaniambia, "hautaki nguvu. Unataka uuache."

Nikarudi kwenye meza kama mtoto wa chuo aliyekosea herufi. Nilikumbuka ule ubao wetu wa mbao na mwalimu wetu mwenye bakora, na jinsi tulivyokuwa tukifuta na kuandika upya, tukifuta na kuandika upya. Tofauti ni kwamba huku hapakuwa na bakora. Palikuwa na mizani.

MIZANI

Hakuna kitu katika jiko lile kilichoingia bakulini bila ya kupita juu ya mizani. Si unga tu. Maji hupimwa kwa gramu. Chumvi hupimwa kwa gramu. Hata yai! Mwalimu alisema yai moja la wastani bila ya ganda huwa kama gramu 50, lakini kuku hawakuapa kutaga sawasawa, kwa hiyo mayai huvunjwa, yakapigwa pamoja, kisha yakapimwa.

Siku ya pili tulifanya pati sukre, unga mtamu wa tarti ya ndimu. Humo mna sukari ya unga na unga wa lozi kidogo, na ganda lake huokwa peke yake kabla ya kutiwa kitu, likajazwa maharagwe makavu ili uzito wake uzuie kitako kisivimbe. Mwenzetu mmoja aliongeza siagi gramu 20 tu kwa kukisia. Ganda lake likamegeka mara alipoiondoa pete, vipande vikaanguka mezani.

Hapo ndipo mimi, mtunga mashairi, nilipoelewa. Kumbe jambo hili nimelijua tangu ujana wangu! Shairi letu la tarbia lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 huku na 8 kule. Ukipunguza moja, msomaji hujikwaa. Ukiongeza moja, mwimbaji hukosa pumzi. Hakuna mtunzi wa Mvita wala wa Lamu anayesema, "Mimi natia silabi kwa kukisia." Tangu saa ile niliacha kubishana na mizani yao. Nilizihesabu gramu kama nihesabuvyo silabi, na tarti yangu ya pili ilisimama wima.

Wafaransa hawakuianza desturi hii jana. Mwaka 1653 kilichapwa huko kitabu kiitwacho Le Pastissier françois, chote kinahusu kazi ya kuoka. Mwaka 1815 mpishi wao mashuhuri Carême, ambaye alizaliwa Paris katika familia ya kimaskini na kuachwa mtaani angali mtoto, alichapisha kitabu chake cha mapishi ya namna hiyo. Na hata wao si wa kwanza: huko Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi mwaka 1226.

Na sisi je? Tusiseme kwamba hatukuwa na vipimo. Tulikuwa na kibaba, na kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne, na wakia, na ratili, na frasila. Wala tusiseme kwamba hatukuwa na kalamu. Utendi wa Tambuka uliandikwa huko Pate mwaka 1728 kwa herufi za Kiarabu. Lakini vipimo vyetu vilikaa dukani na bandarini, na kalamu yetu iliandika vita na mawaidha. Jikoni havikuingia.

KIJIKO CHA KIRSH

Siku ya tatu ndiyo iliyonitia hofu. Tulifanya tarti ya mapeasi iitwayo Bourdaloue, kwa jina la njia moja ya mji wa Paris. Chini yake hukaa krimu ya lozi, ambayo kipimo chake hata mtoto hawezi kukisahau: siagi, sukari, mayai na unga wa lozi, vyote uzito sawa. Ukichanganya mafungu mawili ya krimu hiyo na fungu moja la krimu ya maziwa iliyopikwa kwa viini vya mayai, hupata ile waiitayo franjipani.

Katika maziwa yale mwalimu alitia kijiti cha vanila, akatuambia kimetoka Madagascar. Wakwe zangu Wangazija hulima zao hilo hilo visiwani kwao. Asili yake ni Mexico, na ulipoletwa katika bahari yetu mmea ulichanua maua lakini haukuzaa, mpaka mwaka 1841 katika kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa ni Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alipogundua jinsi ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Jina la Albius alipewa baadaye, utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848. Alikufa maskini mwaka 1880. Kila krimu ya Kifaransa yenye vanila inanukia kazi ya kidole kile.

Nilikuwa bado nikimwaza mtoto yule nilipomwona mwalimu ameinua chupa. Ilikuwa kirsh, pombe kali itokanayo na cheri. Kijiko kimoja ndani ya krimu, kisha kila mwanafunzi aonje na kusema amesikia nini. Mimi nilikuwa nyuma. Binti yangu alikuwa mbele. Nikamwona ameweka kijiko chini, akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa.

"Unadhurika na lozi?" mwalimu akamwuliza.

"La, mwalimu. Ni dini yangu."

Jiko lote likanyamaza. Msomaji, nisikufiche: katika kimya kile nilizikumbuka zile bangili mbili. Nikajiuliza, je, mtoto huyu amekuja kufukuzwa? Na nikajiuliza jambo lililo baya zaidi: je, atavunjika moyo, aseme kijiko kimoja si kitu, moto utakipeperusha? Mimi si mufti, na suali la kinachobaki baada ya moto nawaachia wenye elimu yake. Lakini najua kwamba mpishi hawezi kuuza asichokionja, na asichokihalalisha hawezi kukionja. Kama tarti haifanyiki ila kwa pombe, basi dhahabu ilikuwa imepotea bure.

Mwalimu hakukasirika. Alikwenda kabatini, akarudi na chupa ndogo ya maji ya maua ya machungwa. Akasema hayo hutumika katika mapishi ya kusini mwa Ufaransa tangu zamani, na kwamba kazi ya kirsh katika krimu ile ni kuupunguza uzito wa siagi mdomoni tu, kazi ambayo harufu ya ua na uchachu wa tunda huweza kuifanya. Pombe si nguzo ya tarti. Nguzo ni siagi na unga. Akaongeza jambo ambalo sisi hatukuwa tumeliuliza: tujihadhari na jelatini, kwani karatasi nyingi za jelatini ziuzwazo Ufaransa hutokana na nguruwe, na badala yake upo unga wa agari utokanao na mwani, na pektini itokanayo na matufaha na maganda ya machungwa. Binti yangu aliyaandika yote, mkono ukimtetemeka.

Jioni ile katika treni nilimwonyesha mwanangu jambo moja. Sukari wao huita sucre, asili yake ni sukkar ya Waarabu. Maji mazito ya sukari ya kuchemshia mapeasi huyaita sirop, nalo ni lile lile sharab ambalo ni ndugu wa sharubati yetu. Aprikoti ambayo jamu yake hupakwa juu ya tarti ili ing'are huiita abricot, nalo limetokana na al-barquq. "Basi usijione mgeni sana katika jiko lile," nikamwambia. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mombasa nilimwona akicheka.

GRAMU NGAPI?

Siku ya nne ilikuwa ya tarti ya Tatin, ambayo hupikwa juu chini: matufaha hukaangwa katika siagi na sukari iliyoungua, yakafunikwa unga, yakaokwa, kisha hupinduliwa sahanini. Imepewa jina la dada wawili, Stéphanie na Caroline Tatin, waliokuwa na hoteli mbele ya stesheni ya Lamotte-Beuvron mwishoni mwa karne ya 19. Watu husimulia kwamba mmoja wao alikosea. Ikiwa ni kweli, basi ni kosa lililoandikwa vizuri, maana hata leo lafanywa vile vile.

Siku ya tano kila mmoja alifanya tarti yake mwenyewe bila ya kusaidiwa. Binti yangu alifanya ya mapeasi, akatia iliki katika krimu na maji ya maua ya machungwa. Mwalimu alikata kipande, akakitazama kitako kama kimeiva, akaonja, akafumba macho. Kisha akauliza, "Maua ya machungwa, gramu ngapi?"

Binti yangu akasema ametia kwa kukisia.

"Tia tena kama ulivyotia." Akaiweka bakuli tupu juu ya mizani. Mtoto akamimina. Gramu 8. "Andika," mwalimu akasema. "Ni nzuri sana, na kesho hutaijua tena. Kitu usichokipima huwezi kumrithisha mtu."

Maneno hayo binti yangu aliyapokea kwa furaha. Mimi yalinichoma.

MKATE WA MAYAI

Marehemu mke wangu alikuwa bingwa wa mkate wa mayai, ule wa iliki, uokwao kwa makaa juu na chini. Mji mzima ulimjua kwa mkate huo. Alipofariki, binti yake alijaribu mara nyingi kuupika, na kila mara ulikuwa ni mkate wa mayai, lakini haukuwa wa mamake. Alikuwa amewahi kumwuliza, "Mama, sukari kiasi gani?" Naye akamjibu kama mama zetu wote wanavyojibu: "Tia kiasi, mwanangu." Kiasi hicho akaondoka nacho.

Tuliporudi Mombasa kazi ya kwanza haikuwa tarti. Kwa hakika tarti zenyewe zilitusumbua, maana Paris siagi hukaa imara juu ya meza, na hapa kwetu hulainika kabla hujasema bismillahi. Sasa binti yangu hukanda unga wake baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijapanda, na bakuli na unga vyote hulala ndani ya friji. Amezipata, na wateja anao, alhamdulillahi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenda kwa mama yake mkubwa, dadake marehemu, aliyepita miaka 80, ambaye alifundishwa mkate huo na bibi yule yule aliyemfundisha marehemu. Tulipotoa mizani akatucheka. "Mimi nipimiwe kama niko sokoni?" Hatukubishana naye. Tukaiweka bakuli yake juu ya mizani na kumwomba apike kama apikavyo siku zote. Kila alichotia, binti yangu akaandika namba pembeni, kimya kimya.

Juma lililofuata tukarudi, akapika tena. Msomaji, mayai yalikuwa 8 mara zote mbili. Sukari na unga alivyochota kwa mkono wake mkavu unaotetemeka, tofauti ya mara ya kwanza na ya pili haikufika gramu 10. Bibi yule hakuwa akikisia hata mara moja. Mkono wake ulikuwa mizani, ila ni mizani isiyoandika.

Binti yangu aliupika mkate huo mwenyewe siku ya Iddi. Nilipouonja niliinuka, nikatoka nje barazani, nikakaa peke yangu kidogo. Bangili hazikupotea.

Basi wewe uliye na mama, au shangazi, au bibi mwenye mkate wake, mseto wake, visheti vyake, usingoje. Nunua mizani ndogo, chukua daftari, ukae naye jikoni. Nawe uliye mwanamume usione haya. Mimi nimetangulia kuchekwa kwa niaba yako. Naaga kwa ubeti huu mmoja, ambao silabi zake unaruhusiwa kuzihesabu:

Mizani nimeikuta, jikoni kwa Wafaransa,
Unga wanaukamata, kwa mizani na kurasa,
Na mama zetu hupata, kwa jicho na kupapasa,
Kalamu tukiiwata, hazina tutaikosa.